Jino la Miaka Sita

Hapana maumivu madogo yanayomshinda mtu mzima kama maumivu ya jino. Mtu aweza kulima ingawa ana kidonda mkononi, na aweza kwenda safari ingawa ana mwiba mguuni. Lakini jino likimshika usiku hajui alalie ubavu gani, na asubuhi hajui ale nini.

Mfikirie mvulana mmoja wa miaka 13, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa hodari wa hesabu, na katika mchezo wa mpira kila upande ulimtaka awe wao. Hata muhula mmoja akaanza kukaa kimya. Mwalimu alipomwuliza neno, alijibu huku amefunika mdomo kwa kiganja. Chakula cha mchana aliwaachia wenziwe, na mahindi ya kuchoma, aliyoyapenda sana zamani, hakuyagusa tena. Siku nyingine alisinzia darasani, maana usiku hakupata usingizi. Mwalimu alidhani ya kuwa amekuwa mvivu. Wenziwe walidhani ya kuwa amekuwa na majivuno. Kumbe wote walikosea. Lilikuwa jino moja tu, gego la chini upande wa kushoto, lililokuwa limetoboka mpaka ndani.

Shavu lilipovimba, mama yake akampeleka zahanati, na kutoka huko wakatumwa hospitali ya wilaya kwa daktari wa meno. Daktari akatazama kinywani, akasema, "Jino hili limeharibika kupita kiasi, halina budi kung'olewa."

Mama akajibu, "Haidhuru, daktari. Ni jino la utoto, litaota jingine."

Daktari akatikisa kichwa, akasema, "La, mama. Hili ni jino la ukubwa. Lilimwota alipokuwa na miaka sita, wala halitaota jingine mahali pake maisha yake yote."

Mama akanyamaza. Mwanawe alikuwa amelitumia jino lile miaka 7, wala nyumbani mwao hapakuwa na mtu aliyejua ni jino gani.

Habari hii si ya mtoto mmoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kati yao watu kama bilioni 2 wana meno ya ukubwa yaliyooza. Tena lilisema ya kuwa sehemu kubwa ya maradhi hayo yaweza kuzuiliwa. Lakini mtu hawezi kukizuia kitu asichokijua. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi ajue meno yake ni nini, huharibiwa na nini, na hulindwa namna gani.

Meno ya utoto na meno ya ukubwa

Mtu hupata meno mara mbili katika maisha yake. Meno ya kwanza ni meno ya utoto, nayo ni 20. Huanza kuota mtoto apatapo miezi 6 hivi, na kwa kawaida huwa yametimia yote apatapo miaka 3. Meno ya pili ni meno ya ukubwa, nayo ni 32. Jino la utoto hulegea na kung'oka ili kulipisha jino la ukubwa linalolisukuma kutoka chini. Jambo hilo kila mtoto analijua, na watoto wengi hulitupa juu ya paa lile lililong'oka, wakitaka wapewe jipya.

Lakini magego manne ya kwanza ya ukubwa hayafuati desturi hiyo. Huota mtoto apatapo miaka 6 hivi, mawili juu na mawili chini, nyuma kabisa ya meno ya utoto, mahali palipokuwa patupu. Hayamwondoi mwingine mahali pake. Huja kimya kimya, kama mgeni aingiaye kwa mlango wa nyuma, na pengine mtoto mwenyewe hana habari. Hapo ndipo wazazi hukosea. Huona ya kuwa mtoto bado ana meno ya utoto mbele, wakadhani ya kuwa na yale ya nyuma ni ya utoto vile vile, na likianza kuoza husema, "Liache, litang'oka lenyewe."

Tena gego hilo lina mambo matatu yanayolitia katika hatari. Kwanza, uso wake una mifereji myembamba ambayo chakula hunasa ndani yake. Pili, liko nyuma sana, na mswaki wa mtoto haulifikii kwa urahisi. Tatu, huota wakati ambapo mtoto bado hajajua kujisafisha vema. Kwa sababu hizo gego la miaka sita ndilo jino la ukubwa linalooza mara nyingi zaidi kwa watoto. Nalo ni jino kubwa la kutafunia. Likitolewa mapema, meno ya jirani huinamia pengo, kama nguzo za ua zinavyolala moja ikiondolewa.

Jinsi jino linavyooza

Zamani watu wa nchi nyingi waliamini ya kuwa jino huliwa na mdudu mfano wa funza, na hata leo wako wasemao hivyo. Mwaka 1728 daktari mmoja Mfaransa, jina lake Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa cha habari za meno, akakataa neno la mdudu huyo. Lakini kama si mdudu, ni nini basi? Jibu lilipatikana baada ya miaka mingi. Mmarekani mmoja aitwaye Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Berlin, Ujerumani, alitwaa meno yaliyong'olewa, akayaweka katika mate pamoja na mkate, akayahifadhi katika joto kama la mwili. Mate yakageuka kuwa makali, na meno yakalainika. Lakini alipotumia mate yaliyochemshwa, meno hayakudhurika. Akafahamu ya kuwa ndani ya mate mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufa kwa moto, na ya kuwa vijidudu hivyo ndivyo vinavyogeuza chakula kuwa tindikali. Mwaka 1890 akaziandika habari hizo katika kitabu.

Ili kufahamu kazi ya tindikali hiyo, yafaa kujua jino limejengwaje. Nje lina gamba jeupe, ambalo ni gumu kushinda kitu kingine cho chote katika mwili, hata mfupa. Chini ya gamba pana sehemu laini kidogo, mfano wa mfupa. Katikati kabisa mna kiini chororo chenye damu na mshipa wa fahamu. Gamba halina damu wala halisikii maumivu. Kwa hiyo likitobolewa halifungiki lenyewe kama kidonda cha ngozi kinavyofungika, wala halipigi kelele linapoumizwa.

Basi kila mtu alapo sukari au kitu kitamu, vijidudu vilivyoganda juu ya meno hula pamoja naye. Katika dakika chache hutoa tindikali, nayo huanza kuyatoa madini yaliyo katika gamba. Shambulio hilo hudumu nusu saa hivi, pengine zaidi. Kisha mate huisafisha ile tindikali, na kurudisha madini kidogo kidogo. Kwa hiyo mate ni fundi wa kinywa. Lakini fundi naye hutaka nafasi ya kufanya kazi yake.

Neno hili ni kubwa, na watu wengi hawalijui. Chukua watoto wawili waliopewa peremende kumi kila mmoja. Wa kwanza azila zote baada ya chakula, kisha akanawa kinywa. Wa pili azifumbata shavuni moja moja tangu asubuhi hata jioni. Sukari yao ni sawasawa, lakini hasara yao si sawa. Ukuta wa udongo ukinyeshewa mara moja, jua hutoka likaukausha. Ukinyeshewa mchana kutwa, huanguka. Na ndivyo ilivyo kwa mtu anywaye soda kidogo kidogo siku nzima. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 zina sukari ipatayo vijiko vya chai 7 au 8.

Mwanzo wa kuoza ni alama nyeupe tu juu ya gamba, isiyouma. Baadaye hutokea tundu dogo, nalo pia haliumi. Maumivu huja tundu likaribiapo kiini. Mtu husema, "Jino limeanza kuniuma jana," kumbe limeanza kuoza miezi mingi, pengine miaka, kabla ya hapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo daktari hulisafisha na kuliziba kwa muda mfupi, na jino likaendelea na kazi yake miaka mingi. Tundu kubwa lililofika kiini mara nyingi huishia kwa koleo. Nalo likiachwa laweza kuleta usaha na uvimbe wa taya, na pengine ugonjwa ukaenea mwilini hata kuhatarisha maisha.

Wengine hutafuta kutuliza maumivu nyumbani. Karafuu hupunguza maumivu kwa muda, lakini haizibi tundu. Wengine hutia tumbaku, na wengine hata maji ya betri, ambayo huunguza ufizi na ulimi. Dawa ya namna hiyo huongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kulinda meno

Kazi ya kulinda meno si ngumu, ila yataka kufanywa kila siku. Meno husafishwa mara mbili: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Mara ya usiku ndiyo ipitayo, maana mtu alalapo mate yake hupungua, na fundi huwa kama amekwenda kupumzika. Atakayelala na sukari kinywani ameviachia vijidudu usiku kucha.

Dawa ya meno ifaayo ni ile iliyotiwa floraidi, yaani madini ambayo hulitia gamba nguvu za kushindana na tindikali. Kwa mtoto mdogo hutosha kiasi cha punje ya mbaazi. Mswaki upitishwe polepole juu ya kila jino, nje, ndani, na juu ya uso wa kutafunia, kwa muda wa dakika 2, na usiache kulifikia gego la nyuma kabisa. Kisha povu litemwe, wala kinywa kisisukutuliwe kwa maji mengi, ili dawa ibaki juu ya meno.

Wazee wa zamani hawakuwa na dawa ya dukani, lakini hawakuacha meno yao hivi hivi. Walikata kijiti cha mti wa mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, wakatafuna ncha yake mpaka ikawa nyuzi, wakasugua meno kwa uangalifu. Hata huu mswaki wa dukani umerithi jina la kijiti hicho. Atumiaye kijiti leo asidharauliwe, mradi akifikishe mpaka nyuma. Na akipata dawa yenye floraidi, aiongeze. Lakini kusugua meno kwa mchanga au mkaa hakufai, kwa kuwa hukwaruza gamba.

Wako waachao kupiga mswaki wakiona damu katika ufizi. Hayo ni makosa. Mara nyingi ufizi hutoka damu kwa sababu ya uchafu ulioganda kando ya meno, na dawa yake ni kusafisha vema zaidi, kwa mswaki laini. Damu isipokoma baada ya juma moja au mawili, mtu na amwendee daktari. Tena yafaa kumwendea daktari wa meno hata kabla ya maumivu, kama mwenye nyumba apandavyo juu ya paa kulitazama kabla ya masika.

Makosa mawili ya kutojua

Kuna hasara nyingine zinazowapata vijana kwa sababu wakubwa wao hawakujua. Mbili zimeenea, nazo zastahili kutajwa.

La kwanza ni habari ya yale yaitwayo meno ya nailoni. Katika sehemu nyingi za Tanzania, na katika nchi za jirani kama Uganda, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, wako wasemao ya kuwa ana meno mabaya ndani ya ufizi. Humpeleka kwa mtu ambaye huukata ufizi na kutoa kitu cheupe kilicho laini, akakionyesha. Mama huamini, kwa kuwa amekiona kwa macho yake. Kumbe kitu kile ni chonge la utoto ambalo bado halijakomaa. Kila mtoto mzima analo, na lilikuwa linangoja wakati wake wa kuota. Homa ile ilitoka kwingine, labda ni malaria, na kuhara kulitaka maji na dawa. Mtoto aliyekatwa ufizi aweza kutoka damu nyingi au kuingiwa na pepopunda kwa kisu kichafu, na huku ugonjwa wake wa kweli haujatibiwa. Nao wengi wanaopona hukua wakiwa na pengo, au chonge la ukubwa lililopinda, kwa sababu mbegu yake iliguswa na kile kisu. Mama hakufanya hivyo kwa chuki; alifanya kwa kumpenda mwanawe. Lakini upendo usiojua waweza kujeruhi.

La pili ni habari ya meno ya rangi ya kahawia. Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, na kwingineko katika Bonde la Ufa, vijana wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Wakienda kusoma mbali, wenziwe huwacheka na kuwaambia ya kuwa hawapigi mswaki. Basi wako vijana ambao hujizoeza kucheka wakiwa wamefumba mdomo, na wengine huona haya kusimama mbele ya watu na kusema. Nao hawana kosa lo lote.

Siri ya madoa hayo ilitafutwa kwanza mbali sana. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta watu wengi waliozaliwa pale wana meno ya kahawia. Tena akaona ya kuwa meno hayo hayaozi upesi. Akatafuta sababu miaka mingi. Mwaka 1931 maji yalipopimwa kwa uangalifu, ikajulikana ya kuwa sababu ni floraidi, ile ile itiwayo katika dawa ya meno. Ikiwa kidogo hulinda meno; ikizidi hutia madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa.

Miamba ya milima ya volkano kama Meru ina madini hayo kwa wingi, na maji yapitayo ndani yake huyachukua. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, lakini visima na chemchemi nyingi za huko hupita kiasi hicho. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi nayo yaweza kuwa na floraidi nyingi. Madoa huingia wakati jino lingali linajengwa ndani ya taya, yaani mtoto akiwa chini ya miaka 8 hivi. Likisha kuota, mswaki hauwezi kuyaondoa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Lakini maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana madhara hayo, na huko Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wamewafundisha watu kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Mzazi ajuaye haya humpa mtoto wake mdogo maji yaliyo salama, na huacha magadi katika chakula chake. Na mwanafunzi ajuaye haya hawezi kumcheka mwenzake.

Nyumbani kwa yule mvulana

Yule mvulana alipigwa sindano ya ganzi, na jino likatoka. Usiku ule akalala mpaka kukapambazuka, jambo ambalo hakulipata kwa majuma mengi. Baada ya siku chache akaanza kula vema kwa upande wa kulia, na darasani akainua mkono tena. Mwalimu naye alipopata habari alimwita faraghani, akamwomba radhi kwa kumwita mvivu.

Lakini jambo kubwa lilitendeka nyumbani. Mvulana alikuwa na dada mdogo, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka 6. Jioni moja akamwita mlangoni penye mwanga, akamwambia, "Fumbua kinywa." Akatazama nyuma ya meno yote ya utoto, chini, upande wa kushoto; akaona kitu cheupe kinachungulia katika ufizi, kipana, chenye mifereji myembamba. Akatazama upande wa kulia, akaona kingine.

Akaita, "Mama, njoo utazame! Yamekuja."

Mama akaacha chungu jikoni, akaja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ndiyo yale aliyoyasema daktari?"

"Ndiyo, mama. Ni ya ukubwa haya. Hayana mengine nyuma yake."

Tangu siku ile kila usiku, kabla ya kulala, mvulana huketi na mdogo wake kizingitini, naye humshikia mswaki mpaka ufike nyuma kabisa. Pengo lake mwenyewe halitazibika. Lakini yule mtoto ana magego manne mazima, na nyumba nzima yajua sasa ni magego gani.